Haya, Pakua

Mimi ndiye niliyemfuta Mama. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka na watu wanaolizungukazunguka, wanaosema bahati mbaya, wanaosema mitambo haina adabu, wanaosema pole Tunu, lingeweza kumkuta yeyote. Halikumkuta yeyote. Lilinikuta mimi, saa nane na robo mchana, nimekaa kwenye kiti changu, nimeshiba, sina homa wala usingizi, na miwani iko puani. Kidole kilikuwa changu na macho yalikuwa yangu.

Msinielewe vibaya. Mama hajafa. Yuko chumba cha pili, kitandani karibu na dirisha, na mkono wake wa kushoto bado una nguvu ya kuninyang'anya kijiko nikimlisha ovyo. Niliyemfuta ni yule mwingine, Mama wa maneno, niliyemchapa kwa siku arobaini na moja nikamweka ndani ya kompyuta, kwenye faili nililolipa jina MAMA. Yule ndiye aliyekuwa anazungumza. Huyu wa kitandani, tangu kiharusi kimpige, amebakiwa na neno moja tu. Nimeshindwa kuamua ni yupi kati yao ambaye ndiye. Nikisema ni huyu anayepumua, nafsi inaniuliza, mbona basi unamlilia yule? Mtu ni pumzi zake au ni maneno aliyoyasema? Na ukiyahamisha maneno kutoka pale yalipokuwa, kuna kitu kinahama pamoja nayo, au kinachofika ni alama tu za mahali kitu kilipokaa? Nimeishi miaka sitini bila kujiuliza maswali ya namna hii. Nilikuwa mtu wa kupika na kuchapa.

Niwaambie kwanza tunapoishi. Mji wetu hauna jina. Uliwahi kuwa nalo, lakini walilipeleka Ghala likatunzwe vizuri, na tangu hapo tukitaka kulitumia inabidi tuombe, na kuomba kuna foleni, basi tukazoea kusema "hapa". Ghala lenyewe sijawahi kuliona wala sijakutana na aliyeliona. Ni mahali unapopapigia simu. Unaunganisha kompyuta ya nyumbani na kisanduku cheusi, kisanduku unakiunganisha na waya wa simu, kinapiga kelele kama paka aliyebanwa na mlango, halafu kinanyamaza, na kule kunyamaza ndiyo kufika. Watu wa hapa walianza kwa kuweka picha za harusi. Wakaja kuweka barua, hati, mapishi, sauti za watoto wao wakiwa wachanga, mpaka salamu za asubuhi wakawa wanaziweka kule ili mwenzao azichukue akipata nafasi. Nyumba zikabaki na nafasi kubwa ndani. Ukimtembelea mtu ukamuuliza habari za fulani, anakwambia ngoja niangalie.

Halafu kuna suala la tarehe. Tarehe ya kule haikubaliani na ya kwetu. Huku Jumatano, kule wanaandika Jumanne, wiki nyingine wanaandika Ijumaa ambayo haijafika. Niliwahi kupokea rambirambi za kifo cha jirani ambaye nilikuwa nimetoka kumwona anaanika nguo. Nilimpelekea, akasoma, akasema sasa mimi nifanyeje, nikamwambia anika tu. Alikufa siku iliyoandikwa. Hatukushangaa sana, maana tulishazoea kwamba wakati ni kitu cha Ghala, sisi tunaazimwa.

Sasa Shaibu.

Shaibu ni mdogo wangu, tumbo moja, baba mmoja. Anaishi upande wa pili, kusikofika barua wala gari, kunakofika waya peke yake. Aliondolewa nyumbani akiwa na miaka tisa. Mama alimfungia nguo kwenye kitambaa cha meza, akampeleka kwa Mama mkubwa Chausiku, akarudi peke yake, akaniambia niondoe sahani ya tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilibaki nikalelewa nyumbani, nikasomeshwa nyumbani, nikazeeka nyumbani. Shaibu hakurudishwa. Hakuna aliyemweleza sababu, na kila sikukuu, kwa simu, kwa kinywa cha mtu anayepita, aliuliza swali lilelile: kwa nini mimi? Hakuwahi kuuliza kwa nini si Dada, maana ana heshima zake, lakini swali moja linabeba la pili na wote tulijua.

Mwaka ule wa kiharusi, Mama akiwa bado mzima, Shaibu aliniandikia kupitia Ghala. Barua ilikuwa fupi.

"Shikamoo Dada. Sitaki zawadi, sitaki picha. Mama anazeeka na mimi pia. Nakuomba ukae naye, azungumze maisha yake yote, na humo ndani muulize kwa nini mimi. Akikujibu, andika vilevile alivyosema. Usirekebishe, Dada. Nakujua, wewe ni mtu wa kunyoosha maneno."

Nilimjibu marahaba, nikamwambia amepata mtu. Na kweli alikuwa amepata. Nilikaa miaka ishirini na sita katika chumba cha wachapaji, tukiwa wanawake kumi na wawili na mashine kumi na mbili, na msimamizi wetu alikuwa na kauli moja aliyotuingizia vichwani mpaka ikakaa: mchapaji mzuri hasomi. Ukisoma unachelewa. Ukielewa unakosea, maana unaanza kutarajia neno linalofuata. Neno liingie sikioni litokee vidoleni, katikati pasiwe na mtu. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Niliwahi kuichapa barua ya kumwachisha kazi mchapaji mmoja, nakala tatu, bila kosa hata moja la herufi, na sikujua ni ya nani mpaka niliporudishiwa mimi ndani ya bahasha. Nilikuwa nimelichapa jina langu mara nne. Wenzangu walicheka mpaka wakalia, na mimi nilicheka nao, nikaona hiyo ndiyo sifa ya mwisho ya kazi yangu.

Hadithi hii niliwasimulia watu miaka mingi kama kichekesho. Siisimulii tena.

Siku arobaini na moja, basi. Mama alikaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, akichagua chuya na kuzungumza. Mimi nilikaa mezani, kisogo kwake, vidole kwenye vitufe. Alianzia kwa bibi yake, akaja kwa ndoa yake, akaja kwa njaa, akaja kwa mvua zilizobomoa jiko. Ilipokaribia saa sita, harufu ya chakula ikishafika, alikuwa anapangusa mikono kwenye khanga na kusema, "Haya, pakua." Hapo ndipo siku ilipoisha. Na kwa kuwa niliagizwa nisirekebishe, nililichapa na hilo pia. Kila siku, mstari wa mwisho: Haya, pakua.

Siku ya thelathini na tisa aliniambia nifunge mlango.

"Leo nitasema la Shaibu," akasema.

"Haya Mama, sema."

"Geuka basi unitazame."

"Nikigeuka sitaona vitufe, Mama."

Uongo. Nilikuwa sijatazama vitufe tangu ujana wangu. Sikugeuka kwa sababu nilikuwa na mwendo mzuri na sikutaka kuupoteza. Ndivyo nilivyojiambia wakati ule, na kwa muda mrefu niliamini. Mama akaanza. Alizungumza saa nzima. Sauti yake ilishuka, ikapanda, mara moja ilikatika kabisa akapenga kamasi, nami nikasubiri vidole vikiwa hewani, kisha tukaendelea. Alipomaliza akasema, "Haya, pakua," nikapiga nukta.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimeandika, Mama."

"Sikukuuliza hivyo."

Lakini wali ulikuwa unaanza kushika chini, nikakimbilia jikoni. Tulikula. Hakulirudia. Siku tatu baadaye alianguka palepale jikoni, mwiko mkononi, na alipoinuka mdomo ulikuwa umekwenda upande na maneno yote yameondoka. Baada ya wiki tano lilirudi moja. Mchana, harufu ya chakula ikishaingia chumbani, anafumbua macho na kusema: pakua.

Nilipomwandikia Shaibu kwamba Mama amepata kiharusi lakini maneno yake ninayo, yote, na jibu lake limo, alinijibu siku hiyohiyo, au kesho yake kwa tarehe ya kule.

"Dada, sijui nikushukuruje. Nimeshakuwekea sahani huko Ghala. Nimeipa jina lilelile, MAMA, isikupotee. Haina kitu, ni tupu, inangoja. Wewe pakua tu."

Wewe pakua tu. Mtu aliyelelewa jikoni kwa Mama, Bi Mashavu, hata kama ni miaka tisa tu, haandiki vingine. Kwetu mwenye chungu ndiye anayepakua. Chungu kiko kwako, mfuniko uko kwako, mwiko uko kwako, mwenzako ana sahani na njaa. Ukimwambia mtu pakua unamwambia toa ulicho nacho umpe mwingine. Sikuwa na sababu ya kuliwazia neno hilo. Ni neno ambalo Mama alinifundisha kabla sijajua kufunga vifungo vya gauni langu.

Saa nane mchana, wakati laini za simu zinapokuwa wazi, nilimlisha Mama, nikamfuta mdomo, nikaja mezani. Kisanduku kikalia, kikanyamaza. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili, moja juu ya jingine, na mimi nichague.

PAKIA

PAKUA

La kwanza sikulijali. Kupakia ni magunia, ni lori, ni watu wa stendi. Mimi nilikuwa na chakula na nilikuwa na mdogo wangu anayesubiri. Nikachagua la pili, nikaandika jina, MAMA. Kompyuta ikaniuliza: Faili lenye jina hili lipo tayari. Lifutwe, liwekwe jipya? Ndiyo au Hapana?

Nilisoma vizuri. Nataka mjue kwamba nilisoma. Nikafikiri, lililopo tayari ni ile sahani ya Shaibu, tupu, aliyoniwekea. Ifutwe, ndiyo, imwagwe maji, iwekwe chakula. Nikawaza hata kwamba mashine hii ina adabu, inabisha hodi kabla ya kuingia. Nikabonyeza Ndiyo.

Haikuchukua muda. Hilo ndilo lililonishtua mwanzo, kwamba siku arobaini na moja zilipita kwenye waya kwa muda wa kupiga chafya. Kisha ikaandika: Herufi zilizopokelewa, sifuri. Kazi imekamilika. Asante.

Zilizopokelewa. Nikalisoma neno hilo pole pole, silabi kwa silabi, mimi ambaye sisomi. Si zilizopelekwa. Zilizopokelewa. Nikalifungua faili langu, nikakuta kioo cheupe. Nikalifunga nikalifungua tena. Nilifanya hivyo mara nyingi, kisha nikapiga simu ya sauti, ya mtu, kule Ghala.

"Ghala, Mhoja anazungumza."

"Bwana Mhoja, habari za kazi."

"Salama, mama. Nikusaidie nini?"

"Nimepakua faili na sasa halipo."

"Ukipakua lazima liwepo, mama. Liko kwako."

"Lililoko kwangu ni tupu."

"Basi umepakua tupu."

"Nilikuwa nampakulia mdogo wangu," nikasema. "Chungu kiko kwangu. Yeye ndiye mwenye sahani."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Hapana, mama," akasema, na hakusema kwa ubaya, "chungu kiko huku. Huko kwenu ndiko kwenye sahani. Kitu kikitoka kwenu kuja huku, ni kupakia. Kikitoka huku kuja kwenu, ndiyo kupakua. Umeiambia ipakue, imepakua."

"Nani aliyeamua kwamba chungu kiko huko?"

"Neno limekuja hivyo, mama. Mimi nimelikuta."

"Na kile nilichokipika mimi?"

"Ulikuwa na nakala pembeni? Diski?"

Nilimshukuru, nikamtakia kazi njema, nikakata simu. Mchapaji wa miaka ishirini na sita, mtu ambaye hakuwahi kuingiza karatasi kwenye mashine bila kaboni nyuma yake, hata barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani ningeichapa nakala mbili. Na maneno ya mama yangu niliyaweka nakala moja. Niliona kompyuta ni kitu cha kisasa, nikadhani inajiwekea kaboni yenyewe.

Nimeliwaza sana jibu la yule bwana. Chungu kiko huku. Maana yake tumekuwa sahani tangu lini? Hakukuwa na mkutano, hakuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kutuambia kuanzia leo mwiko hamna tena. Walichukua neno la jikoni kwetu, wakaligeuza upande, wakaturudishia, na kwa kuwa lilikuwa neno letu hatukulikagua. Sisi ndio tuliopika kila kilichomo mle. Harusi ni zetu, watoto ni wetu, jina la mji lilikuwa letu. Lakini tukitaka kuonja tunasogea na sahani na kungoja. Ningependa kuwalaumu zaidi. Nimejaribu, na nikifika katikati ya kuwalaumu namkumbuka Mama akiniambia geuka unitazame.

Maana kuna jambo baya kuliko faili.

Nilimwambia Shaibu waya umesumbua, anipe siku chache. Nikakaa mezani niandike upya kwa kumbukumbu. Si nilikuwepo? Si nilikaa naye chumba kimoja siku arobaini na moja? Nikaweka vidole, nikangoja. Kikaja kikohozi chake. Ikaja sauti ya mchele kwenye ungo. Bibi yake aliitwa nani? Nilichapa jina hilo zaidi ya mara mia. Njaa ilikuwa mwaka gani? Nani aliyewapa unga? Nikaona kwamba ninachokikumbuka kwa hakika, ninachoweza kuapa, ni mstari mmoja. Haya, pakua. Mara arobaini na moja. Yaliyobaki yote yalipita.

Nilikuwa waya.

Yaliingia huku yakatokea huku.

Waya haujui harusi wala msiba. Waya hauulizwi umesikia.

Mama aliniuliza umesikia.

Nikajaribu siku ya thelathini na tisa. Nilifunga mlango, nikakaa vilevile, kisogo kwa mkeka usio na mtu. Nikafumba macho, nikaviacha vidole viende vyenyewe, labda vinakumbuka nisichokumbuka. Havikuleta sentensi. Vilileta mwendo mmoja tu, ulioanza kujirudia: kidole cha shahada cha kushoto, kisha cha shahada cha kulia, cha kulia tena kikishuka chini, cha kulia tena kikipanda. Nikatazama kioo nione vinaandika nini. Viliandika TUNU. Vikaacha nafasi, vikaandika TUNU tena. Jina langu linachapwa kwa vidole vya shahada peke yake, na sikuwahi kuligundua hilo maisha yangu yote. Saa nzima ile Mama alikuwa akieleza kwa nini Shaibu aliondolewa, na ndani yake mlikuwa na jina langu, tena na tena.

Niliyavuta mawazo mpaka nilipokuwa na miaka kumi na tano. Nilifanya nini? Nilisema nini? Kuna ugomvi nilioanzisha, kuna kitu nilichomsingizia mtoto, kuna siku nililia mbele ya Mama nikataka kuwa peke yangu? Au pengine jina lilikuwa la upole tu: nilimbakisha Tunu kwa sababu Tunu alikuwa anaumwa, Tunu alikuwa ananisaidia, Tunu alikuwa msichana. Sijui. Nimegeuza kila siku ya mwaka ule, na kila nikikaribia mlango fulani nakumbuka nina kitu jikoni. Mtu anaweza kutosikia kwa sababu hasikilizi. Anaweza pia kutosikiliza kwa sababu anajua kitakachosemwa. Mimi ni yupi kati ya hao, hapo ndipo ninapolala na kuamka.

Shaibu akaandika: "Dada, bado waya?"

Nikatunga.

Nilianza na vidogo, bibi nikampa jina, njaa nikaipa mwaka. Nilikuwa fundi, nilijua Mama anavyoanza sentensi na anavyoiacha njiani. Nilipofika kwa Shaibu niliandika kwamba mwaka ule kifaduro kilikuwa kinapita nyumba kwa nyumba kikichukua watoto, na Mama alikuwa na mahali pamoja tu pa kumkimbizia mtoto mmoja, kwa Mama mkubwa, mlimani, kwenye hewa safi. "Nilimwondoa yule ambaye nisingeweza kumzika," nikamwandikia Mama aseme. "Tunu nilimwacha, nikasema huyu Mungu akimtaka amchukue." Niliyachapa haya nikilia, kwa kuwa nilikuwa nimejiandika mimi ndiye niliyeachwa kwenye ugonjwa, na nikaona ni haki, nikaona angalau nimejitoza kitu. Kumbe hata hapo nilikuwa najipendelea. Nilijipa nafasi ya aliyeonewa.

Nikamalizia: Haya, pakua. Hilo peke yake lilikuwa la kweli.

Nikaunganisha kisanduku. Yakatokea maneno mawili. Nikachagua PAKIA. Safari hii sikukosea.

Shaibu alifika asubuhi iliyofuata, ametembea usiku kucha, ingawa kwa tarehe ya Ghala alikuwa ameshafika zamani. Nilimfungulia mlango mzee mwenye mvi, nikatafuta ndani ya uso wake ule wa miaka tisa, nikauona kwenye masikio. Alinishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba mdogo wangu. Karibu kwenu."

"Kwetu," akasema, akalirudia kana kwamba analijaribu kama linamtosha. "Kwetu."

Hakutaka chai wala kukaa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha pili, akapiga magoti kando ya kitanda, akauchukua ule mkono wa kushoto akauweka shavuni. Mimi nilisimama mlangoni.

"Shikamoo Mama. Ni Shaibu. Nimesoma yote, Mama. Miaka yote hii nilidhani hukunitaka. Niliwachukia watu wenye mama zao. Mke wangu anajua, nilikuwa nikimwona mtoto amebebwa nageuza uso. Kumbe ulikuwa unaniokoa. Kifaduro, Mama. Kumbe mimi ndiye ambaye usingeweza kunizika." Akashindwa kuendelea, akalia kwa sauti, mtu mzima, paji la uso kwenye godoro.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Sikio lake ni zima, daktari alituambia, yanayoingia yanaingia yote, yanayotoka ndiyo hayana njia. Niliuona uso wake ukibadilika aliposikia kifaduro. Ule upande ulio hai ukakunjamana, akawa anatafuta. Kisha akaacha kutafuta, akageuza kichwa juu ya mto, pole pole, akanitazama mimi pale mlangoni. Tangu siku ya thelathini na tisa ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana machoni. Nikimlisha huwa natazama kijiko.

"Pakua," akasema.

Shaibu akainua uso, machozi na kicheko pamoja. "Dada, umemsikia? Mama anataka nile."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Sufuria zilikuwa zimefunikwa juu ya kabati, jiko halijawashwa, nyumba nzima hakuna harufu ya chochote. Mama hakuwahi kulisema neno lile asubuhi. Na hakuangalia upande wa jikoni.

"Pakua," akasema tena.

Nikaingia chumbani. Nikakaa chini, kwenye mkeka, upande wa pili wa kitanda, nimwelekee yeye na nimwelekee Shaibu, mikono mapajani. Nilikuwa nimesikia.

"Shaibu," nikasema, "la kifaduro nimelitunga mimi. Alichosema Mama nilikifuta kwa mkono wangu. Na kabla ya kukifuta nilikichapa bila kukisikiliza. Ninachokijua ni kwamba jina langu lilikuwamo ndani yake, mara nyingi. Ulipouliza kwa nini wewe, Mama alijibu kwa kunitaja mimi."

Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Alipofungua kinywa hakuniuliza mimi, alimgeukia Mama, na sauti yake ilikuwa ile ya miaka tisa.

"Kweli Mama? Ni kwa ajili ya Dada?"

Mama akautoa mkono wake mikononi mwa Shaibu. Akauvusha juu ya kifua chake, taratibu, ukapita shuka, ukafika upande wangu. Akaniwekea juu ya kichwa, akauacha hapo.

Ulikuwa mkono mzito. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au alikuwa anamjibu Shaibu.